Turubai Uani kwa Wankyo

Hiki ninachoandika hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, tena niliyekisababisha, nikiamka asubuhi kwangu Bunda najiulizaga kama kweli kilitokea. Lakini kilitokea, Musoma, mtaa wa Kamunyonge, mchana kweupe. Mashahidi wapo, ingawa wengi wao ukiwauliza wanageuza mazungumzo kwenye habari za dagaa.

Ni habari ya dada yangu Wankyo. Mimi ni Mugeta, dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Bunda, na kama hamjanisikia basi wapwa zangu nyie hamjawahi kununua ng'ombe wa maana. Shule niliishia darasa la tano, lakini la tano la enzi zile, ambalo ukilipima vizuri linawazidi hawa wa leo wenye vyeti vya kufungia kwenye plastiki. Wankyo alifika la saba. Hilo hanikumbushi mara nyingi, ni kila tunapoonana tu.

Tulizaliwa Butiama, mama mmoja. Yeye akaolewa na mvuvi, akahamia ziwani, akawa mkaanga samaki. Wanawake wa aina yake mnawajua: beseni la sangara kichwani, mkono mmoja kiunoni, mdomo haupumziki. Mume alifariki, na mtoto wao mmoja, Gloria, akaolewa Dodoma. Wankyo akabaki na nyumba ya vyumba viwili, kikaango kikubwa kama usukani wa lori, na nyonga ya kulia iliyoanza kumuuma kidogo kidogo, halafu ikasahau hilo neno kidogo.

Walipompiga picha hospitali, daktari alimwonyesha kwa kidole pale mfupa wa paja unapoingia kwenye tundu lake. Vimesagana. Ule mto wa katikati umekwisha, ni mfupa juu ya mfupa. Dawa yake ni kuitoa nyonga ile na kuweka ya chuma. Sasa mabingwa wa kazi hiyo hawakai Musoma. Wanakujaga kwa msimu kama kumbikumbi, wanafanya kazi siku chache, wanapotea, na wanaowangoja ni wengi.

"Mama, utapigiwa simu," daktari akamwambia. "Usizime simu."

Dada yangu akaanza kungoja. Simu akaifunga kamba, akaivaa shingoni. Akienda kuoga aliitia kwenye mfuko wa nailoni na kuoga nayo. Padri mwenyewe hajawahi kumwona amevaa rozari kwa uaminifu kiasi kile.

Mwanzoni alikuwa na watu. Kamunyonge mtu akiugua hawamwachi. Walikuja na sukari, walikuja na sato, jumuiya ikahamishia sala zake kwenye sebule yake. Marieta, mwenyekiti wa jumuiya na jirani wa ukuta kwa ukuta, alileta uji mpaka Wankyo akamwambia uji wake una mabonge. Lakini mgonjwa wa kudumu ni mtihani kwa wageni. Mgonjwa wa malaria ana adabu: analala wiki, halafu anapona au anakufa, na kila mtu anajua afanye nini. Wankyo hakupona wala hakufa. Tena alikuwa mnene, uso unang'aa, sauti ya kuuzia samaki iko palepale. Watu wanakuja kumtazama mgonjwa, wanakuta mtu anayewauliza mbona viatu vyao vina matope.

"Bado tu?" wakawa wanauliza.

"Bado tu," anajibu.

Ukiulizwa bado tu miezi na miezi unaanza kujiona kama unawachelewesha watu safari. Wakapungua. Mwisho wakawa wanasalimia kutoka barabarani bila kusimama. Naye, kwa kuwa kukaa kunamuuma na kulala kunamuuma, akawa anasimama dirishani kutwa, ameegemea, anaita kila anayepita. Salamu yake moja ilikuwa inakula nusu saa. Watu wa Kamunyonge wakagundua njia nyingine ya kwenda sokoni, ile ya nyuma yenye mtaro mchafu, wakaisifu kwamba ni ya mkato. Ukiipima ni ndefu.

Hapo ndipo alipobaki na redio. Aliiwasha alfajiri na kubishana nayo mpaka jioni: taarifa ya habari, bei ya pamba, mahubiri, vyote alivijibu. Majirani walijua saa kwa redio ya Wankyo. Na alikuwa na Mpangaji.

Mpangaji ndilo jina alilowapa yale maumivu. "Kaingia bila kubisha hodi," alikuwa anasema, "kodi halipi, na usiku anahamisha makabati." Nikipiga simu kutoka Bunda namuuliza, "Dada, umeamkaje?" ananijibu, "Mimi nimeamka. Mpangaji ndiye hajalala." Oparesheni akaiita notisi. Siku notisi itakapofika, Mpangaji atatolewa na godoro lake.

Mimi nilikuwa nacheka, ndiyo kazi yangu. Lakini kuna siku nilifika bila kumwambia, nikakuta kikombe kiko sakafuni katikati ya sebule, kimelala ubavu, chai imekaukia hapo.

"Hiki vipi?"

"Kilianguka jana."

"Na hukukiokota?"

"Nikiinama sirudi juu. Nakizunguka tu," akasema. "Tumeshazoeana."

Nilikiokota, nikakiosha, nikatoka nje kidogo kuangalia kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi.

Alitembea kwa kasia. Lilikuwa kasia la marehemu mume wake. Chrispin, fundi mitumbwi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, alilikata likalingana na kwapa lake. Sakafu ni ya saruji, kwa hiyo kila hatua yake ilikuwa ko, kisha mguu unaburuzwa, kisha ko. Maumivu ni mabaya, sikatai, ila kwangu kasia lile lilikuwa na faida. Wankyo hapendi mtu afunue sufuria kabla ya wakati. Kwa kasia lile nilikuwa nafunua, nachagua kipande, natafuna, nameza, nafuta mdomo, na anapofika ananikuta nimekaa kama katekista. Miezi yote ile hakunikamata hata siku moja.

Sasa simu ikapigwa. Alikuwa ni Sista Hilda, muuguzi wa wodi ya upasuaji.

"Mama Wankyo, mabingwa wanaingia wiki ijayo, na jina lako lipo. Sasa nisikilize vizuri. Oparesheni yako ni kubwa, inataka damu. Tuletee watu watatu wa kuchangia, mwisho Ijumaa. Wasipopatikana, nafasi tunampa mwingine, na wao kurudi tena hatujui ni lini."

Watu watatu. Mtu aliyeuza samaki mji mzima, aliyewajua watu kwa majina, kwa madeni na kwa tabia za watoto wao, akakaa kitandani akitafuta watatu. Gloria alikuwa mjamzito, hatolewi damu. Akanipigia mimi.

"Mugeta, wewe unajisifu unajua watu."

"Sijisifu. Nawajua."

"Basi nitafutie watatu."

Kwenye mnada wa Bunda nilisimama juu ya zizi nikatangaza. Wanaume wa pale nawaheshimu. Ni watu wanaomshika fahali pembe kwa mikono mitupu huku wanapiga soga. Walipofahamu kwamba ni sindano, kila mmoja akaanza kukagua ndala zake. Mmoja akaniuliza kama nyonga haiwezi kubadilishwa kavukavu.

Nikaenda Butiama, kwetu kabisa, kwenye ukoo. Waliniweka kitini, wakanipikia, wakanisikiliza kwa masikitiko makubwa. Nilipomaliza, binamu yetu Faustine akakumbuka ana presha. Masatu ana sukari. Kijana mmoja wa nyumba ya baba mdogo, ambaye asubuhi ile nilimwona amebeba gunia la mahindi na jingine juu yake, akasema yeye ana damu nyepesi. Kumbe ukoo wote ni wagonjwa kuliko Wankyo, nikashangaa tumefikaje mpaka leo.

Mtaniuliza, na wewe mjomba? Mimi nilikuwa msimamizi. Ukimtoa damu msimamizi, nani atasimamia?

Jumatano jioni nikafika Kamunyonge mikono mitupu. Nilimweleza yote, ya mnada na ya ukoo, nikiongeza chumvi kidogo ili acheke. Hakucheka. Aliivua simu shingoni, akaiweka mezani.

"Basi," akasema mwisho, "Mpangaji anaongeza mkataba."

Usiku ule betri za redio ziliisha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kununua nyingine.

Alhamisi kulikucha na joto. Nyumba ya bati, saa nne tu ndani ni kama jiko. Wankyo hakuwa amelala. Alikuwa amemeza vidonge vyake vikali, macho mekundu, akaniambia, "Nitoe nje, Mugeta. Nataka kulala mahali penye upepo, hata kama ni leo tu."

Uani kwake hakuna mti. Lakini mimi sijawahi kukosa mpango. Nilikwenda kwa Alfonce, mtunza stoo wa jumuiya, nikamwambia naomba turubai. Alfonce hakuuliza neno. Alivua kofia, akaishika kifuani, akanifungulia stoo mwenyewe. Nikajisemea, huyu kijana kalelewa, anajua anaongea na nani.

"Na mabenchi, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

"Ya nini mabenchi?"

"Huwa yanaenda pamoja."

Nikaona ni ukarimu. Tukapakia turubai na mabenchi kwenye mkokoteni, akanisukumia mpaka getini, akakataa hata maji, akaondoka haraka akiwa bado ameishika kofia yake.

Nililisimamisha turubai kwa nguzo nne, likatoka zuri, la bluu, unaliona tangu barabara kuu. Mabenchi nikayapanga pembeni, maana nitayaweka wapi. Nikatoa kitanda na godoro, nikamlaza kivulini. Wale wadudu wa ziwani wakawa wamekuja na upepo kama moshi, wanaingia mpaka puani, kwa hiyo nikawasha moto wa magogo karibu na geti ili uwafukuze, na yeye akajifunika kitenge kuanzia kichwani mpaka miguuni. Vidonge vikamchukua. Nilipoona amelala, nikavaa koti langu, nikaenda kunywa chai kwenye kibanda cha barabarani.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nilikuwa na mawazo mengi.

Nimekaa pale, naona wanawake wanapita, kanga kiunoni, ndoo za unga kichwani, mwingine na kuni. Wanatembea haraka na hawaongei. Nikamwambia mama wa chai, "Leo huku kuna mtu amekufa."

Mama yule akanitazama, macho yakamlenga machozi. Akaniongezea andazi, akaongeza na la pili, na nilipotoa hela akaikunja kwenye kiganja changu akairudisha. Nikajua sifa zangu zimeshafika Musoma. Nikala.

Halafu wakapita wanaume. Chrispin fundi mitumbwi mbele, sururu begani, nyuma yake wengine na makoleo. Mimi ni mtu wa watu, msiba sipitwi nao. Nikafuta mdomo, nikajiunga nyuma, kichwa nimeinamisha inavyotakiwa. Nikamuuliza kwa kunong'ona yule aliyekuwa karibu, "Ni nani?"

Akanishika bega. "Kaza moyo, mzee."

Nikakaza. Tukatembea. Tukakata kona ya kwanza, tukakata ya pili, na mimi bado najiuliza huo msiba uko kwa nani, mpaka nilipoinua macho nikaliona turubai nililolifunga mwenyewe, na vilio vinatokea chini yake.

Nililifunga mwenyewe, kwa mikono hii, lakini wakati ule sikukumbuka habari ya kivuli. Nilichowaza ni kwamba nilimwacha peke yake. Nilikwenda kunywa chai, akafa akiwa peke yake, na mimi nina maandazi mawili tumboni.

Pale uani wanawake walikuwa wamekizunguka kitanda. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini marehemu yuko nje, na nani kamthibitisha, lakini katika msiba hakuna anayetakaga kuwa wa kwanza kuuliza. Turubai la jumuiya limesimama, mabenchi yapo, moto wa wanaume unawaka, redio ya Wankyo imenyamaza tangu alfajiri. Nani anataka ushahidi zaidi? Marieta ndiye alikuwa anaongoza. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu, sauti inatetemeka.

"Mama Gloria, umetuachia nani? Nani atatuita dirishani? Ulikuwaga taa ya mtaa huu. Ningejua, mama, ningekupa hata roho yangu."

Na mimi nikaachia. Sauti yangu inajulikana, ikitoka kwenye mnada wa Bunda inasikika upande wa pili wa barabara ya lami. Nililia nikawafunika wote, nikajitupa chini karibu na miguu ya kitanda.

"Mugeta," kitenge kikasema, "punguza sauti. Marieta alikuwa anaongea vizuri, humpi nafasi."

Benchi moja lilianguka na watu wake. Mama mmoja alitoka getini bila ndoo wala ndala, na wanasema hakusimama mpaka mwaloni, kule boti zinakoshusha samaki. Marieta alikaa chini kama gunia. Chrispin alibaki amesimama na sururu begani, mdomo wazi.

Wankyo akajifunua polepole. Alikuwa ameamka zamani. Alianza kuamka wakati wanamwaga unga kwenye beseni, akasikia jina lake, akaona asikilize kwanza. Miezi mingi hakuwa amesikia sauti nyingi kiasi kile kwa pamoja, tena zote zinamsifu, na redio haina betri.

Watu wakanigeukia mimi.

"Mzee, uliweka turubai," mmoja akasema.

"La kivuli."

"Na mabenchi?"

"Muulizeni Alfonce."

Alfonce alikuwa nyuma kabisa, anaangalia mawingu.

"Na magogo getini?"

"Ya wadudu."

Kukawa na manung'uniko. Aibu ya kumlilia mtu aliye hai haina mahali pa kuishika. Wakaanza kujikung'uta, wanatafuta ndala, mmoja anasema ameacha maharage jikoni, mwingine anasema tunashukuru Mungu basi, huku tayari yuko getini.

"Mnakwenda wapi?" Wankyo akauliza. Alikuwa amejishikiza kwenye kasia, amekaa wima, jasho linamtoka maana kukaa vile kulikuwa kunamuua. "Kaeni. Unga mmeshaleta, na unga wa msiba kwetu haurudi nyumbani. Au kuna anayetaka kurudi nao?"

Hakuna aliyetaka. Kila mtu anajua unga wa msiba ukirudi nao unaleta msiba mwingine kwako. Wakakaa.

"Chrispin, hiyo sururu ya nini?"

Chrispin akaiangalia kama ndiyo kwanza anaiona. "Ni ya... tulikuja kusaidia, mama."

"Kusaidia kuchimba."

"Ndiyo, mama."

"Kwenye mawe haya ya Musoma."

"Yangetusumbua. Ingefika jioni."

"Na ungechimba?"

"Ningekataaje, mama. Ni msiba."

"Kutwa nzima, juani, kwa ajili yangu. Na nisingeweza hata kukushukuru." Akapumua, Mpangaji alikuwa amemshika. "Sasa mimi nakupunguzia kazi. Sitaki kutwa nzima. Sitaki jasho. Nataka mkono mmoja, unyooshwe kwa muda wa kunywa chai, nitoke kwenye hiki kifungo. Kesho ni mwisho. Nisipopata watu watatu wa damu, nafasi yangu anapewa mwingine, na mimi nabaki dirishani, na nyie mnabaki na ile njia yenu ya mtaroni."

Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba alikuwa anaijua ile njia.

Mtu mmoja akakohoa, akasema yeye kwa kweli presha yake...

"Mwenye presha asogee hapa," Wankyo akasema, akiinua kasia, "nina kipimo."

Hakuna aliyesogea. Akamgeukia Marieta, ambaye bado alikuwa chini, kanga imemwanguka, macho yamevimba kwa machozi ya kweli.

"Marieta. Ulisema ungenipa hata roho yako."

"Nilisema, Mama Gloria," Marieta akajibu kwa sauti ndogo.

"Roho kaa nayo. Mimi nataka damu tu."

Marieta akajifunga kanga upya. Alikuwa amekasirika, na mimi nawaambia mwanamke wa jumuiya akikasirika ndipo anapofanya mema. "Naenda," akasema. "Na uji wangu haukuwa na mabonge."

"Ulikuwa nayo."

"Naenda hivyohivyo."

Mwenyekiti akishasema anakwenda, nani atabaki kwenye benchi? Chrispin akasema naye anakwenda. Wale wa makoleo wakatazamana, maana mtu aliyekuja kuchimba kaburi ataogopaje sindano mbele ya wanawake. Wakapika kwanza, wakala ugali wa ule unga pale chini ya turubai, marehemu akiwaonyesha kwa kasia nani aongezewe mboga. Kisha tukaondoka, mimi mbele.

Hakuna aliyekumbuka kuacha vifaa. Tukapita barabara kuu na sururu na makoleo mabegani, wanawake nyuma na macho yao mekundu. Bodaboda wakazima injini. Muuza miwa akasimama akavua kofia. Kwenye geti la hospitali mlinzi akatuzuia, akauliza kwa upole maiti tunaichukua wodi gani.

"Hatujaja kuchukua," nikamwambia. "Tumekuja kuleta."

Sista Hilda alitoka akauona ule msururu, akasema, "Nilisema watatu." Wakaacha makoleo yameegemea ukuta wa maabara, wakaingia mmoja mmoja. Wengine walikutwa kweli na presha, wakatoka nje wamefurahi kama waliofaulu mtihani. Lakini watatu walipatikana, na wa akiba.

Wiki iliyofuata Wankyo aliingia chumba cha upasuaji. Kabla hawajamsukuma ndani alinishika mkono, sio kwa nguvu, akaniambia nikimwona Mpangaji anatoka nihakikishe ameacha ufunguo. Nilikaa kwenye lile benchi la nje, wakati mrefu kuliko mnada wowote niliowahi kukaa. Sikuongea na mtu. Muulizeni mlinzi. Alikuja kuniuliza kama naumwa.

Alitoka. Alilazwa, akafundishwa kusimama, akatukana, akafundishwa kutembea, akatukana zaidi, akarudi nyumbani. Sasa ni miezi, na kasia lile analitumia kuegemezea mlango wa jiko usipigwe na upepo.

Msidhani amepata raha. Wale waliotoa damu wamekuwa ndugu wa kujipachika. Marieta anaingia bila hodi, anakaa kiti kizuri, akiambiwa ana mazoea anajibu kwamba humo mwilini mna damu yake, hivyo na sebule ni ya pamoja. Chrispin anachagua kipande cha samaki kwa hoja hiyohiyo. Hata waliokutwa na presha wanadai, kwa sababu walitembea. Njia ya mtaroni imeota majani. Juzi kanipigia simu kunilalamikia kwamba watu ni wengi, hapati hata nafasi ya kusikiliza redio, na akaniuliza kama lile turubai naweza kulifunga tena ili wajue yuko ndani amekufa, apumzike.

Nami ndiyo nimefika leo kutoka Bunda, nimekaa mezani kwake naandika haya. Yeye yuko uani anaparua samaki. Sufuria ya sato iko jikoni na nimeshaionja, ina chumvi ya kutosha. Naandika kwa nafasi, bila wasiwasi, maana akianza kuja nitamsikia tangu mlango wa nyuma, kama siku zote.

Kilichobaki ni kuwaambia yaliyotokea mle ndani ya maabara, kwa kuwa watu wa Kamunyonge wanayapindisha. Ukweli ni kwamba wa kwanza kukaa kwenye kile kiti nilikuwa mimi. Nilikunja mkono wa shati mwenyewe. Chupa ya kwanza ikajaa kabla Sista Hilda hajageuka, akashangaa, akasema damu nzito namna hii hajawahi kuiona tangu asomee. Nikamwambia mwanangu, usishangae, mkono wa pili huu hapa, akajaza na ya pili, yeye ndiye aliyenisihi tuishie hapo. Nikasimama bila kushikwa, nikampisha Marieta kiti, na ile soda wanayowapa waliochoka nikaisukuma kando, nikasema wapeni hao wengine, mimi nina

"Soda ulikunywa mbili," sauti ikasema nyuma ya shingo yangu, na mimi sikuwa nimesikia ko hata moja. "Na damu hukutoa. Ulizirai mlangoni hata sindano hujaiona, Chrispin akakubeba mgongoni, sururu ameishika mkononi. Futa hapo. Halafu nenda jikoni ukafunike ile sufuria."